Njia ya Kupita Kitanda

Mtaani kwetu, Tabora, tulimwita Bi Mkunga, na sijapata kusikia mtu akimwita kwa jina jingine. Labda mumewe alikuwa na jina la kumwitia, lakini mumewe alikuwa amekwisha kufariki nilipoanza kupata akili. Alizaliwa wapi, ukoo wake upi, sijui. Siku moja nilijipa moyo nikamwuliza alikotoka. Akanitazama juu chini, akasema, "Wewe ulitoka wapi? Mimi ndiye niliyekuona unatoka." Ilikuwa kweli.

Nakiri mapema kwamba naandika kwa hofu. Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu nilijifunza kwa kufumua nguo za watu wengine nione zimeshonwaje. Kusoma na kuandika nilijifunza vivyo hivyo, kwa magazeti ya kufungia sukari na kwa kumsumbua kila mwenye kalamu. Nikimaliza ukurasa nautazama kama suruali iliyopinda mshono, mkono unawasha kuufumua. Huu nimekwisha kuufumua vya kutosha. Palipopinda pabaki pamepinda.

Bi Mkunga alitembea katikati ya njia. Watu wengine wa mtaa tulitembea kwa kuambaa kuta, huku tumeinua nguo, kama wezi. Yeye alikuja katikati na kaniki yake, mkoba wa ukindu begani, makubadhi ya mpira wa gari miguuni, na fimbo aliyoidunga ardhini kabla ya kila hatua kama mpishi anayejaribu kiazi kama kimeiva. Alidunga, akatazama, ndipo akakanyaga. Ukimwamkia alikuitikia na lawama katika pumzi ile ile.

"Shikamoo, Bi Mkunga."

"Marahaba. Ua wako umetoka tena njiani."

Au: "Marahaba. Hilo shimo unamchimbia nani?"

Swali la shimo lilikuwa swali la mtaa mzima. Nyumba zetu ni za miti na udongo. Kila mwaka, kiangazi kikielekea kwisha, kila mwenye nyumba hukandika kuta zake upya kabla ya mvua, na siku hizo udongo wa kukandikia tuliuchimba pale pale mbele ya mlango, njiani. Hakuna aliyeona ubaya. Udongo wa mlangoni haukutwishi mzigo kutoka mbali, na njia haikuwa na mwenyewe wa kuja kugomba. Basi kuta zikanenepa mwaka hadi mwaka, na njia ikazama. Mvua zikianza, njia yetu iligeuka mto, na mashimo yakajaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Hukuweza kujua shimo lipi lingekufika kwenye kifundo na lipi lingekufika kiunoni. Watoto walitumbukia. Mbuzi walitumbukia. Wanawake wa Kwihara waliotuletea maziwa na kuni walisimama mwanzo wa mtaa wakaita wateja kwa sauti, hawakuthubutu kuingia.

"Mmeivua njia nguo mkazivisha nyumba," alisema Bi Mkunga. Alilisema hilo kisimani, alilisema harusini, alilisema hata akiwa ameshika mtoto mchanga mkononi na baba yake amekuja kumtazama.

Alipenda kutukumbusha kwamba njia yetu ni kipande cha njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita Kwihara ikaendelea hadi Ujiji. "Wapagazi walipita hapa wawili wawili, na mizigo kichwani," alisema. "Leo akipita kuku, kuku mwingine angoje."

Bwana Afya alikuwa akija na soksi zake ndefu kutafuta viluwiluwi vya mbu katika mashimo yetu, na alivipata bila taabu. Bi Mkunga alimkaribisha kwa kahawa na halua, akamwita mwanangu, akamsifu viatu. Siku moja akamwomba serikali itengeneze njia. Bwana Afya akafuta mdomo, akasema mambo hayo yatafikiriwa.

"Yatafikiriwa na nani," akauliza Bi Mkunga kwa upole, "na mwanamke yuko katika uchungu?"

Yule bwana akacheka, akaaga. Alipokata kona tu, Bi Mkunga alimtukana kwa Kinyamwezi maneno ambayo siwezi kuyaandika, na siku nyingine alipokuja akamlainisha tena kwa halua.

Baada ya hapo ndipo alipobadili ada yake. Zamani mkunga alipewa kanga, sabuni na kuku. Yeye akasema kuku amechoka nao, wanamharibia usingizi. Anataka changarawe. Kila mtoto anayezaliwa mikononi mwake, baba yake aende nje ya mji, upande wa njia ya Kwihara palipo na changarawe nyekundu, ajaze makarai, azibe shimo ambalo Bi Mkunga atamwonyesha kwa fimbo. Na kuanzia siku hiyo udongo wa kukandikia uchukuliwe huko huko nje. Wanaume walinung'unika kwamba mtoto mmoja amekuwa ghali kuliko ng'ombe. Lakini nani atagombana na mkunga, na mkewe ana mimba ya miezi minane?

Kwa hiyo mashimo ya njia yetu yalizibwa mtoto kwa mtoto. Mwislamu akazibia wake, Mkristo wa Moravian akazibia wake. Bi Mkunga hakubagua, alisema mtoto hatoki na dini mkononi. Pacha wakaleta furaha maradufu. Na watoto wakajua mashimo yao. Mpaka leo ukiwasikia wanagombana utasikia, "Ondoka hapa, hili shimo langu!" na mwingine, "Lako lile dogo la kisimani, ndiyo maana hukui!"

Nisimfanye malaika. Aliyekemea watu kwa kusimama njiani ndiye aliyesimama njiani kuliko wote. Akikutana na shoga yake walitua mizigo katikati, na mtaa mzima uliwazunguka mpaka habari ziishe. Alikemea wavuta tumbaku, naye alikuwa na kikopo cha ugoro katika pindo la kaniki, akigeukia ukuta na kunusa kwa haraka akidhani chafya yake haina maana yoyote. Baiskeli alizichukia. Akisikia kengele alikataa kusogea: "Shuka kwenye farasi wako upite kama watu!" Lakini fundi bati wa mtaani kwetu aliapa kwamba alimpakia nyuma ya baiskeli yake mwenyewe kumpeleka kwa mzazi huko Kwihara, naye alifumba macho mwendo mzima, akamshika kiuno kama mtoto, na walipofika akamwambia, "Ukilisema hili, mkeo atazaa peke yake." Fundi bati akalisema siku ile ile.

Kwa nini nayaandika haya, ni kwa sababu ya dada yangu.

Dada yangu Zuhura aliolewa ndani kabisa ya mtaa, kule vichochoro vinakobanana. Uchungu wake wa kwanza ulikuwa mgumu. Bi Mkunga alipoona mambo yamemzidi nguvu alisema apelekwe hospitali, na kwa kuwa hakuna gari lililoweza kuingia kwetu, tulimlaza kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanne tukakishika. Mimi nilikuwa mmoja. Njia ya mkato ilipita nyuma ya nyumba ya fundi bati, lakini ua wake wa minyaa ulikuwa umeota hadi katikati ya kichochoro, kitanda hakikuweza kupita. Tukazunguka upande wa pili wa mtaa, kwenye mashimo, mvua inanyesha. Mwenzetu wa mbele akatumbukia, kitanda kikaenda upande, tukamdaka dada kwa nguo. Tulimfikisha akiwa hai. Mtoto alizaliwa amenyamaza.

Siku ile Bi Mkunga alirudi akaketi kwenye baraza ya nyumba yake, lile tuta pana la udongo la kukalia nje ya mlango, na hakuketi na mtu. Hata ugoro hakuugusa.

Dada aliposhika mimba ya pili, nilianza kuota kitanda kile kinaenda upande. Mchana nilitoboa vidole kwa sindano. Bi Mkunga alikuja pale nilipokuwa nashona, barazani kwa duka, akaniambia, "Safari hii nataka njia kwanza, mtoto baadaye. Kutoka mlangoni kwa dada yako mpaka barabarani, moja kwa moja, kitanda kipite."

Nikachukua futi kamba yangu. Nikapima kitanda, nikapima kichochoro, nikapima tena, nikarudi nikamwambia kwa fahari kwamba ukiondoa ua wa fundi bati, kitanda kinapita vizuri.

"Na mabega ya wabebaji umeyaacha nyumbani?"

Usiku wote sikulala kwa aibu. Asubuhi nikapima na mabega.

Fundi bati alikuwa mtu wa mzaha, lakini kwa ua wake alikuwa jiwe. "Ua huu aliupanda marehemu baba," alisema. Tulikuwa tumesimama mbele yake mimi, Bi Mkunga na shemeji yangu mume wa Zuhura, na mapanga mkononi.

"Najua," akasema Bi Mkunga. "Na marehemu alipokufa, jeneza lake lilipita wapi?"

Fundi bati akageukia ua wake. Akatazama minyaa.

"Tulimpitisha juu," akasema taratibu. "Tulimnyanyua juu ya ua."

"Basi kata."

Akachukua panga la shemeji, akakata mwenyewe. Alitufukuza tukae mbali, tusirukiwe na utomvu machoni.

Ua ulipoondoka na mashimo ya nyuma yalipozibwa, Bi Mkunga alisema atajaribu njia mwenyewe. Akapanda kitandani, akalala chali, mkoba kifuani. "Nibebeni. Msinionee huruma, mimi ni mzazi."

Mtaa mzima ulitoka kutazama. Tulikinyanyua wanne, fundi bati mbele yangu.

"Bi Mkunga, mbona umelala hivyo, leo ndiyo tunakuzika?"

"Nitakuzika wewe kwanza na mabati yako. Tazama mbele."

"Mzazi gani mzito hivi? Humo mna pacha!"

"Mmoja ni babako, anaulizia ua wake."

Watu walicheka hadi wakashika kuta. Tukapita kwa dada, tukapita nyuma kwa fundi bati, mabega yakapita na nafasi ikabaki. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kuipima. Kisha tukafika kwenye kona ya mwisho kabla ya barabara, na kitanda kikakwama.

Kilikwama kwenye baraza ya Bi Mkunga mwenyewe. Mimi nilikuwa nimepima mtaa mzima, na mahali pale nilipapita kila siku ya maisha yangu bila kupaona, kama mtu asivyoiona pua yake. Upande mmoja ukuta wa jirani, upande mwingine ile baraza imejitokeza njiani kama goti.

"Inamisheni," akasema Bi Mkunga kutoka kitandani.

Tukainamisha. Akaanza kuteleza.

"Na mgonjwa tutamwinamisha?" akauliza fundi bati. Hakuwa anafanya mzaha.

Bi Mkunga alishuka. Hakumtazama mtu. Aliingia ndani akafunga mlango, na vicheko vya watu vikaisha kimoja kimoja, kila mtu akakumbuka ana kazi nyumbani.

Hakuizungumza habari ile siku nyingi. Aliendelea kukemea mashimo ya watu, lakini sauti ilikuwa imepungua, na watu wakaanza kumjibu. Mwanamke mmoja alimwambia wazi, "Anza kwako." Wa pili akasema hivyo hivyo. Tumbo la dada lilikuwa limeshuka. Shemeji alitaka aende akaibomoe baraza kwa nguvu, nikamzuia, nikasema nitakwenda mimi kuzungumza.

Nilimkuta ameketi pale pale, mwisho wa baraza ulio karibu na mlango.

"Bi Mkunga, dada yangu..."

"Namjua dada yako. Tumbo lake nalishika mimi. Kaa."

Nikataka kukaa mwisho wa pili, ule uliojitokeza njiani.

"Siyo hapo."

Nikakaa chini. Ndipo nilipogundua kwamba miaka yote sikupata kumwona mtu amekaa pale. Bi Mkunga akasema, bila mimi kumwuliza, kwamba mumewe hakuwa fundi wa kujenga. Baraza ile aliijenga mwenyewe akaikosea, ikabomoka, akaijenga tena. Akaitokeza njiani kuliko inavyopasa kwa sababu alikuwa na miguu mirefu, akitaka kuinyoosha.

"Nilimwambia, wewe mwanamume, unaziba njia. Alicheka tu. Hata alipougua alikuwa anataka kukaa hapo awaone wapitao." Akapitisha kiganja juu ya udongo ule, alioukandika kila mwaka kwa mkono wake. "Mimi ndiye niliyewaambia watu wakate nyua za baba zao. Najua. Usinieleze."

Niliondoka na hofu ile ile niliyokwenda nayo.

Uchungu ulimshika dada kabla ya alfajiri ya siku nyingine. Shemeji alikimbia kumwita Bi Mkunga, akarudi peke yake. "Amesema anakuja."

Hakuja. Jogoo wakawika, dada analia, Bi Mkunga hakuja. Shemeji alienda tena, akakuta mlango wa nyuma umefungwa kwa ndani, akapigiwa kelele kutoka upande wa mbele kwamba aende akachemshe maji. Mama mkwe wa dada alisema maneno mabaya juu ya wazee wanaoona udongo bora kuliko watu. Mimi pia niliyasema, moyoni, na mengine mdomoni. Alipoingia, jua lilikuwa limeanza kuonekana. Alikuwa amenawa mikono, lakini nywele zake zilikuwa na vumbi jeupe, na alihema. Alishika tumbo, akatoka akatuambia, "Mtoto ametanguliza miguu. Leteni kitanda."

Tukabeba. Nilikuwa mbele safari hii. Tukapita nyuma kwa fundi bati, changarawe inalia chini ya miguu, hakuna aliyejikwaa. Nilikuwa nahesabu pumzi za dada, na huku nafikiri kona, kona, tutafanyaje kwenye kona.

Kwenye kona hapakuwa na kitu. Baraza ilikuwa imekatwa usawa wa ukuta, jembe limeegemea mlango, madongo yamesogezwa pembeni kwa uangalifu yasimkwaze mtu. Madongo mengine yalikuwa bado yana ngozi nyeupe ya chokaa. Bi Mkunga alikuwa nyuma yetu, mkono wake juu ya goti la dada.

"Mbona mnapunguza mwendo?" akasema. "Pitisheni."

Tukapitisha.

Mtoto ni wa kike, yu hai, ana sauti kuliko sisi sote. Shemeji alipokuja na makarai yake ya changarawe, aliuliza kwa adabu aziweke shimo gani. Bi Mkunga alimwonyesha kwa fimbo pale kwenye kona yake, palipobaki kovu la baraza. Alisimama mpaka zikamwagwa na kushindiliwa. Kisha akaingia ndani. Mtaani hakuna aliyemwambia tena aanze kwake. Hata waliokuwa bado wanachimba udongo mlangoni waliacha, bila kuambiwa.

Siku hizi nashona Bukene, barazani kwa duka moja karibu na stesheni. Mwaka jana nilirudi Tabora kwa treni kumsalimia dada, na jioni nikakutana na Bi Mkunga njiani, katikati kama kawaida. Macho yake yalikuwa yamefunga ukungu mweupe.

"Shikamoo, Bi Mkunga."

"Marahaba. Nani?"

Nikamwambia.

"Aa, yule mwenye wasiwasi. Bado unajitoboa vidole?"

"Bado."

"Vizuri. Twende, nakwenda kushika kichwa cha mtoto wa jana. Wanasema ni kikubwa, nataka kuhakikisha."

Nikamshika mkono. Akautoa.

"Usinishike. Unadhani njia hii nilimtengenezea nani?"

Hakuwa na fimbo. Nilimwuliza iko wapi, akasema alimpa fundi bati, goti linamsumbua. Tukaenda. Alikanyaga bila kudunga, bila kutazama, miguu yake ikishuka moja moja juu ya changarawe kama mtu aliye ndani ya nyumba yake. Watu walimwamkia kutoka milangoni, naye aliwaitikia na lawama zao, ingawa sijui alikuwa anaziona wapi. Mwenye baiskeli mmoja alishuka kabla hajaambiwa.

Tukafika kwenye kona ya nyumba yake. Njia pale ni pana sasa, tambarare, hakuna kitu kinachozuia. Bi Mkunga aliacha kuzungumza. Akakusanya kaniki kwa mkono mmoja, akasogea hadi karibu na ukuta wa jirani, akapita polepole upandeupande, kama unavyompitia mtu aliyenyoosha miguu ambaye hutaki kumsumbua. Halafu akarudi katikati ya njia, akaendelea na habari ya kichwa cha mtoto.

Mimi nilikuwa upande ule mwingine, ilipokuwa baraza, penye changarawe tupu, na mguu wangu ulikwisha kuinuka. Niliurudisha. Nikapita alipopita yeye.